Ukusanyaji wa maoni katika jumuiya ya Wikipedia

Ukusanyaji wa maoni katika jumuiya ya Wikipedia ni utaratibu wa kuwauliza watu wanaoandika kamusi elezo hiyo kwa kujitolea wanaonaje, kabla ya kubadilisha kanuni au vyombo vinavyowaongoza. Waandishi hao hawana mshahara wala mkataba. Mmoja wao akichukizwa na kanuni mpya anaweza kuacha kuandika siku hiyohiyo bila kumwaga mtu, na hakuna wa kumwita ofisini ajieleze. Hivyo kanuni iliyotungwa bila wao huwa na nguvu ndogo, hata ikiwa imetiwa saini na wakubwa wote.

== Ngazi za utawala ==

Kila lugha ina jumuiya yake. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na wasimamizi wake, ambao nao ni wa kujitolea, huitwa wakabidhi. Mambo ya kila siku kama kufuta ukurasa usiofaa au kumzuia mharibifu huamuliwa humohumo. Juu ya jumuiya zote iko Wikimedia Foundation, taasisi ya Marekani isiyotafuta faida, ambayo inaendesha seva, inamiliki jina la Wikipedia na inaongozwa na bodi ya wadhamini. Maoni hutakiwa hasa pale taasisi hiyo inapotaka kuweka kanuni ya kuzihusu lugha zote kwa pamoja.

== Kanuni za maadili, 2021–2023 ==

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa kanuni za maadili kwa miradi yote, zinazokataza matusi, vitisho na unyanyasaji kati ya wachangiaji. Bodi ilizipitisha mwanzoni mwa mwaka 2021. Likabaki swali gumu zaidi: nani atazisimamia, na kwa njia gani? Kamati yenye wachangiaji na wafanyakazi wa taasisi iliandika miongozo ya utekelezaji, nayo ikapigiwa kura kuanzia tarehe 7 hadi 21 Machi 2022.

Waliopiga kura walikuwa 2,283, na asilimia 58.6 kati yao walikubali. Kwa hesabu za kawaida jambo lingeishia hapo. Lakini karatasi ya kura ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu, na watu 657 waliitumia. Walioisoma mishahara hiyo ya maneno waliona malalamiko yanayojirudia: mafunzo yanayotakiwa ni yapi na ya nani, je, ni lazima mtu atamke kwamba anazikubali kanuni, siri ya mlalamikaji italindwaje bila kumnyima mtuhumiwa nafasi ya kujitetea, na lugha ya miongozo ni ngumu mno kutafsirika. Bodi haikuidhinisha. Ilirudisha miongozo ikarekebishwe katika mambo hayo, kisha ikapigiwa kura tena tarehe 17 hadi 31 Januari 2023. Safari hii walipiga kura watu 3,097, na waliokubali wakafika asilimia 76. Bodi ikaidhinisha mwezi Machi.

Wale waliokataa mwaka 2022 walikuwa wachache, ila maneno yao ndiyo yaliyobadilisha maandishi.

== Maoni na kura ==

Kiswahili kina usemi “kura ya maoni”, unaounganisha vitu viwili ambavyo ni vizuri kuvitenganisha. Kura huhesabiwa, maoni husomwa na kupimwa. Watanzania waliyaona hayo zamani, kabla ya intaneti kuwafikia. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwa wengi wa hao nao walitaka mfumo uliokuwapo urekebishwe sana, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Kupima maoni kuna hatari yake, kwani anayepima ndiye mwenye neno la mwisho. Hilo lilionekana mwaka 2024. Hati ya kuunda baraza la dunia nzima, ambalo lingegawana madaraka na taasisi, ilipigiwa kura kati ya tarehe 25 Juni na 9 Julai. Karibu asilimia 73 ya wachangiaji waliichagua, na vikundi vya wanawikipedia viliiunga mkono kwa zaidi ya asilimia 80. Bodi ya wadhamini ilikataa kuipitisha, ikisema kwamba hati haikuwa tayari na ikapendekeza majaribio madogo kwanza. Kikanuni bodi ilikuwa na haki hiyo. Lakini wajitoleaji waliotumia karibu miaka mitatu kuiandika hawakuwa na pa kukata rufaa.

== Wanaosikika na wasiosikika ==

Kati ya maoni 657 ya mwaka 2022, 508 yaliandikwa kwa Kiingereza. Mjadala wenyewe huanza kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili hutegemea mjitoleaji aliyepata muda, na mara nyingi msomaji hukuta nusu ya ukurasa imetafsiriwa na nusu haijaguswa.

Lipo pia sharti la kupiga kura. Katika kura ya 2022 mchangiaji alitakiwa awe amefanya marekebisho 300 tangu aanze, na angalau 20 katika miezi ya karibuni. Sharti hilo linazuia watu kujisajili ili tu wapige kura, na kwa hilo lina maana. Ila mizani yake hailingani kwa wote. Kata za Tanzania, Nyaishozi ya Wilaya ya Karagwe ikiwamo, zina makala zao fupi, zile zinazoitwa “mbegu”. Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, orodha za kata zilihitaji kurekebishwa moja baada ya nyingine. Mwanafunzi wa Nyaishozi anayetumia simu ya kuazima na kuongeza habari za kata yake mara mbili kwa muhula anajua mambo ambayo mhariri wa mbali hayajui, lakini hatafikisha marekebisho 300 upesi.

Njia iliyobaki kwake ni kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa jumuiya yake, kwa Kiswahili, ambako hakuna sharti la idadi. Maneno hayo hufika juu pale tu anapopatikana mtu wa kuyakusanya na kuyatafsiri. Katika jumuiya ndogo kazi hiyo huwaangukia watu walewale wachache wanaoandika makala, kusafisha uharibifu na kuwakaribisha wageni.