Kandambili Imetafunwa, Bakora ya Nini?
Nyumba za Unguja, za Mji Mkongwe na za shamba, zina desturi inayomponza mbwa mchanga: viatu huvuliwa mlangoni. Kandambili na makubadhi hubaki sakafuni na harufu ya watu aliowazoea, na mwenye nyumba akirudi kazini hukuta vipande. Hukumu hutoka papo hapo: kibwa huyu ana inda, amelipiza kisasi kwa kuachwa peke yake. Hukumu hiyo ndiyo inayozaa hasara ya pili na ya tatu, kwani huwafanya watu watafute dawa baada ya kurudi, ilhali dawa iko kabla ya kutoka.

Tatizo lenyewe liko kinywani. Mbwa huota meno 28 ya utoto, ambayo kati ya miezi mitatu na saba hivi hung'oka kupisha 42 ya ukubwani. Fizi humsumbua, na kuguguna humtuliza. Hata meno yakishakamilika taya bado hutaka kazi, na wengi hawapoi kabla ya mwaka na nusu. Mbwa wa wasasi wa vijiji vya kusini akirudi kutoka msituni hana hamu ya mkeka wa mtu. Wa mjini, aliyefungiwa kutwa, nguvu zake zote ziko pale pale.

Lakini, wasemao husema, mbona bwana akiingia hufyata mkia? Si anajua kosa lake? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima jambo hilo. Wenye mbwa waliambiwa mara mbwa amekula alichokatazwa, mara hakula, na habari hiyo haikuwa kweli kila mara. Sura ya mkosaji ilifuata karipio, mbwa awe amekosa au hakukosa. Basi bakora ya saa kumi haimfundishi chochote juu ya kiatu cha saa tatu. Humfundisha kuogopa mlango ukifunguliwa.

Kinachofaa ni kumtembeza alfajiri kabla jua halijawa kali, kisha kumwacha mahali pasipo na viatu, mikeka wala nyaya za umeme, akiwa na kitu chake cha kuguguna: mpira mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa, wenye tundu la kushindiliwa wali na samaki asiye na miiba. Asipewe kiatu kikuukuu, maana hajui kuukuu na kipya. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vichane vikali, na kokwa la embe huziba utumbo. Azoeshwe pia upweke kidogo kidogo, dakika chache kwanza, ndipo saa. Akiharibu mlango na madirisha tu, huku akidondokwa na mate na kulia mara uondokapo, hiyo ni hofu, na daktari wa mifugo ahusishwe.

Kuna pingamizi zito zaidi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa nini basi tujadili malezi yake? Naona hoja hiyo inaniunga mkono. Fikihi imeruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, na aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Mwenye mbwa wa ulinzi Mbweni au Fuoni ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka kinywa chake kisifike kwenye viatu na miswala.

Kumfunga mnyororo kutwa humwongezea wasiwasi na kelele. Kumwachia vichochoroni ni kumpeleka kwenye pikipiki na kwenye kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza karibu hauponi. Ua wenye ukuta, kivuli na maji unatosha. Asiye na ua, kama walivyo wengi wa Mji Mkongwe, atafute wa kumtoa mbwa adhuhuri; akimkosa, asifuge kwanza.