Upanga Unaofundishwa na Kitabu

Wengi hudhani upanga wa Ulaya ya kale ulikuwa chuma kizito cha kupigia kama shoka. Panga zilizobaki makumbushoni zinakanusha: upanga mrefu wa mikono miwili wa karne ya 15 kwa kawaida una uzito wa kilo moja na nusu hivi. Silaha nyepesi namna hiyo hutaka ufundi, na ufundi huo uliandikwa. Fiore dei Liberi wa Italia alitunga kitabu chake mwanzoni mwa karne hiyo. Joachim Meyer alichapisha chake Strasbourg mwaka 1570.

Wapo wanaosema klabu za leo zinazojifunza upanga kutoka vitabu hivyo zinaigiza tu, maana silsila ya mwalimu na mwanafunzi ilikatika. Ni kweli ilikatika, na picha ya kitabuni haionyeshi mwendo. Lakini hapo ndipo klabu inapohitajika: ukikosea kutanguliza mguu, ncha ya upanga wa mwenzako imeshakugusa kifuani kabla hujamaliza pigo, na tafsiri yako ya ukurasa imeshindwa papo hapo. Kinyago cha waya, glavu nene na upanga butu unaopinda ukichoma ndivyo vinavyowezesha jaribio hilo kurudiwa. Anayetaka kuanza asikimbilie upanga. Anunue kinyago kwanza.