Harusi ya Gharama Nafuu na Kumbukumbu za Ukoo (Sehemu ya Pili): Ya Barazani Kabla ya Ukumbini

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kamati ya harusi, mweka hazina wake na daftari lake la ahadi. Leo tuanze na swali ambalo kamati nyingi haziliulizi kabisa: ndoa yenyewe inahitaji nini?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haina habari ya ukumbi wala keki. Inataka wachumba waoane kwa hiari, watoe taarifa ya nia yao angalau siku 21 kabla, taarifa itangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze, na wakati wa kufunga wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Hata mahari, ambayo wengi huamini isipomalizika ndoa inabaki nusu, sheria hiyo inasema kutolipwa kwake hakubatilishi ndoa. Waislamu watamhitaji walii, mashahidi wawili na mahari waliyokubaliana; Wakristo watapitia mafundisho na matangazo ya kanisani. Yote hayo familia ya kipato cha kawaida inayamudu. Kinachoielemea ni sherehe, na sherehe hupanda bei kwa idadi ya watu.

Kila mgeni ana sahani yake, kiti chake, vinywaji vyake na kadi yake. Tuseme sahani moja ni shilingi 25,000. Wageni 300 watakula shilingi 7,500,000. Wageni 80 watakula 2,000,000. Kamati inaweza kukesha ikibishana na mpambaji na mpiga picha, iokoe laki mbili tatu, ilhali mamilioni yamekaa kwenye orodha ya waalikwa ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Na haiguswi kwa sababu aliyechanga hana budi kupewa kadi, singo au dabo kulingana na alichotoa. Michango inaleta wageni, wageni wanaongeza gharama, gharama inaidai kamati irudi kuomba michango. Familia inayotaka kutoka kwenye mzunguko huo ipange idadi kwanza, ikaze moyo, kisha ichangishe ndani ya idadi hiyo tu: ndugu, majirani wa karibu, marafiki wa kweli. Kuna watakaonuna. Wengi wao watasamehe, na wengine watashukuru kimoyomoyo kwamba mwezi huo wamepumzishwa mchango mmoja.

Lakini hasara inayonisumbua zaidi ya fedha ni ile ya wazee. Bibi amesafiri kwa basi kutoka Singida hadi Dar es Salaam, amevishwa sare, ameketishwa meza ya mbele. Mshereheshaji anampa kipaza sauti dakika mbili kwa sababu ratiba imechelewa, muziki unarudi, keki inakatwa. Kesho yake anapandishwa basi arudi kwao. Mtu aliyeshuhudia ndoa za vizazi vitatu vya ukoo ule amekuja na kuondoka bila kuulizwa neno.

Sasa linganisha na siku ya posa. Mshenga ameleta barua, watu wamekaa mkekani au kwenye makochi ya sebuleni, kuna chai na maandazi. Hapo wazee hawana njia ila kusimulia. Mnatoka wapi? Babu yenu alihamia lini huko, na kwa nini? Kwa Wahaya, ambao watu wa ukoo mmoja hawaoani, kutaja koo za pande zote mbili ni sharti, wala si mapambo ya maongezi. Kwingine hufanywa kwa kuhofia kuoanisha ndugu bila kujua. Shughuli hii ya bei ndogo kuliko zote ndiyo yenye historia nyingi, nasi ndiyo tunayoiharakisha, siku hizi hata kwa simu, ili tuwahi kikao cha kamati.

Nani ataiandika? Harusi za Mrima za karne ya 19 tunazijua kwa kinaganaga kwa kuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikaa akaziandika: uchumba, mahari, kazi ya makungwi, vyakula, ngoma. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Mtoro mwenyewe alioa Berlin mwaka 1904, mke Mjerumani, na utawala wa kikoloni ukawazuia wanandoa hao kurudi kuishi Afrika Mashariki. Desturi za jamii nzima alituachia kwa mkono wake. Mkasa wa ndoa yake tunautafuta kwenye majalada ya wakoloni. Naomba kila ukoo uliangalie jambo hilo kwa uzito wake, kwa kuwa habari za ndoa zetu nazo zitabaki mahali fulani, na afadhali ziwe mikononi mwetu.

Kwa hiyo napendekeza kamati imteue mwandishi wa ukoo, kijana mmoja kila upande, na kazi yake ianze siku ya posa. Simu yoyote inarekodi sauti. Kabla mzee hajaanza, kijana ataje kwa sauti yake jina la msimulizi, mahali na tarehe, maana sauti isiyo na jina huwa fumbo miaka kumi baadaye. Asiseme “bibi, tusimulie maisha yako”. Swali pana namna hiyo humfunga mtu kinywa. Aulize vitu. Mshenga wenu alikuwa nani? Siku ile mlikula nini? Khanga ulizotunzwa ziliandikwa nini, na nani aliyekutunza? Mkaja ukitolewa kwa mama wa binti, aulizwe palepale ni nani aliyemfunga mkaja alipojifungua binti huyo. Nimeona swali hilo likifungua mazungumzo ya jioni nzima.

Picha za zamani ziandikwe nyuma majina kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu hupenya. Rekodi zihamishwe kwenye vifaa viwili vinavyokaa nyumba mbili, na yaliyo muhimu yanakiliwe kwenye daftari la jalada gumu, kwa kuwa simu huibwa na kuharibika. Na msimulizi aulizwe mwishoni lipi liwe la wote na lipi libaki kwa wana. Akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe.

Juma lijalo tutazungumza mahari: namna ya kuikadiria bila kuwaingiza wachumba kwenye deni, na jinsi ya kuandika makubaliano yake ili yasigombaniwe.