Maana ya Neno "Mortgage"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yapatikanayo katika hati za benki, ni machache yampasayo mwenye shamba kuyafahamu kama neno "mortgage". Herufi "t" iliyo katikati yake haitamkwi.

Asili yake ni Kifaransa cha kale: "mort", yaani kufa, na "gage", yaani rehani. Kitabu cha sheria cha Edward Coke, kilichotolewa Uingereza mwaka 1628, chaeleza sababu ya jina hilo: mdeni asipolipa, ardhi imemfia yeye, akilipa, rehani imemfia mkopeshaji.

Watu wengi hudhani kuwa "mortgage" ni mkopo wenyewe, na Waingereza nao husema hivyo katika mazungumzo. Katika sheria sivyo. Mkopo ni fedha apewazo mtu. "Mortgage" ni haki apewayo mkopeshaji juu ya nyumba au shamba, ili fedha zisiporudi apate kuiuza mali hiyo. Kuweka rehani si kuuza: mwenye shamba huendelea kulima na kuvuna maadamu analipa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hutumia neno "charge" kwa jambo hilo. Neno hilo lina maana nyingine pia, yaani ada. Basi alionaye katika hati asidhani kuwa ni ada tu. Sheria hiyo yataka kwamba nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani, mwenye nyumba na mwenzi wake akaaye humo watie sahihi wote, au hati ionyeshe kuwa wote wameridhia. Malipo yakikawia, mkopeshaji hana budi kutoa ilani na kumpa mdeni muda usiopungua miezi 3 wa kulipa. Muda huo ukipita bila malipo, yampasa kutoa ilani ya pili, na mauzo hayawezi kukamilishwa kabla ya siku 40 kupita.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu aweza hata kuweka shamba lake kwa ajili ya deni la ndugu yake, na ndugu asipolipa, shamba liuzwalo ni la yule aliyetia sahihi. Kwa hiyo, aonaye "mortgage" au "charge" katika hati na aulize kwanza: ni mali ipi iwekwayo, ni deni la nani, na ni kiasi gani? Akijibiwa akaridhika, ndipo ashike kalamu.