Picha Kwenye Slaidi (3): Kugeuza na Kuakisi

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu kuchagua picha na kuikata. Leo tunazigusa amri mbili ambazo watayarishaji wengi wa slaidi, za semina, za ibada au za harusi, huzibofya bila kuzifikiria: kugeuza picha, na kuiwekea uakisi chini yake.

Katika PowerPoint, bofya picha, fungua Picture Format, kisha Rotate. Flip Horizontal huhamisha kushoto kwenda kulia; Flip Vertical hupindua juu chini. Kugeuza si kuzungusha. Picha iliyozungushwa bado ni ileile, ukiinamisha kichwa utaisoma. Iliyogeuzwa imekuwa sura ya kwenye kioo, na huwezi kuizungusha mpaka irudi ilivyokuwa.

Sababu ya kugeuza huwa nzuri. Mtu aliye pichani anatakiwa ayatazame maandishi, asiyape mgongo, maana macho ya hadhira hufuata macho yake.

Tatizo ni kwamba picha ya mahali panapojulikana imebeba ushahidi. Jijini Dar es Salaam, anayetoka Kawe kuelekea Kunduchi bahari iko kulia kwake, kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki. Igeuze picha iliyopigwa kuelekea kaskazini, bahari itahamia magharibi, na mkazi wa Kawe atahisi kuna kasoro kabla hajajua ni ipi. Daladala itakuwa na mlango kulia na usukani kushoto, na jina la Kawe pale mbele litasomeka kinyumenyume. Jina la kanga vilevile. Picha ya eksirei itauonyesha moyo umeelemea kulia. Katika bendera ya Taifa, mlingoti ukiwa kushoto, mstari mweusi wenye kingo za njano hupanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu; ukiigeuza, unashuka kutoka kushoto kwenda kulia.

Zito zaidi kwetu ni mkono. Mama aliyepigwa picha akimkaribisha mgeni chakula kwa mkono wa kulia, sasa anampa kwa kushoto. Hakufanya hivyo, wala asingefanya. Huko ni kumvunjia heshima mbele ya ukumbi mzima.

Kosa hili limeitangulia kompyuta. Picha maarufu ya Billy the Kid, mhalifu wa Marekani aliyeuawa mwaka 1881, ilipigwa kwenye bamba la chuma, njia iliyotoa sura iliyogeuka. Bastola ikaonekana kiunoni upande wa kushoto, na kwa miongo mingi watu wakaamini alikuwa mashoto. Filamu ya mwaka 1958 ilibeba imani hiyo hata katika jina lake.

Uakisi ni amri changa zaidi. Ilikuja na Office 2007. Unaipata ndani ya Picture Effects, Reflection, nawe unachagua uwazi, ukubwa, ukungu na umbali wake. Mantiki yake ni moja: kitu kimesimama juu ya sakafu inayong'aa. Kwa hiyo unafaa chupa, simu au kitabu kilichoondolewa mandhari ya nyuma na kukatwa hadi kitako kiguse ukingo wa picha. Weka umbali sifuri, na ukubwa usizidi theluthi. Picha yenye ardhi yake yenyewe haiuhitaji: mchanga wa ufukweni utaning'iniza mchanga mwingine chini yake.

Wapo wanaoitumia amri hii kuitengenezea ngalawa bahari. Haikubali. Maji matulivu huonyesha kile ambacho jicho lililo chini ya uso wa maji, kwa kina sawa na kimo cha jicho lako juu yake, lingekiona: upande wa chini wa mbao za pembeni, tumbo la chombo lililo juu ya maji. Programu haijui tumbo la ngalawa. Inapindua tu kile kilichoonwa kutoka juu. Aliyekulia pwani ataukataa uakisi huo papo hapo. Na katika ukumbi wenye madirisha wazi na projekta hafifu, uakisi uliofifia huonekana kama uchafu kwenye ukuta.

Kabla ya kupeleka slaidi zako ukumbini, zipitie picha zote ulizozigeuza. Tazama maandishi, mikono, bendera, magari na upande wa bahari. Ukikuta kimojawapo, irudishe picha ilivyokuwa, uyahamishe maandishi yako upande wa pili.