Kinyota, Nafasi na Ritifaa: Utangulizi wa Majina ya Faili katika Skripti

Chukua folda yenye faili za kata za Mji wa Kibaha: Visiga.csv, Tumbi.csv, Maili Moja.csv, Picha ya Ndege.csv. Andika `rm *.csv`, zote zinafutika. Wengi hudhani rm ndiyo iliyoelewa kinyota. Sivyo. Sheli, ile programu inayopokea amri zako, imeshatangulia: imekagua folda, imekifumua kinyota kuwa orodha ya majina, ndipo ikaikabidhi rm orodha hiyo. rm haikukiona kinyota kabisa. Lishike hili. Mengi yatakayofuata yanatokana nalo.

Mpango huu ni wa tangu utoto wa Unix. Mwaka 1971, pale Bell Labs, Marekani, kinyota kilifumuliwa na programu ya pembeni iliyoitwa glob. Baadaye sheli ikaibeba kazi hiyo yenyewe.

Turudi kwenye faili zetu. Jina Visiga halisumbui: neno moja, herufi za kawaida. Picha ya Ndege ndilo lenye kazi. Skripti ikiliweka jina hilo katika kigeu (variable) f, kisha ikaandika `rm $f`, sheli hukifumua kigeu halafu huyakata matokeo kila penye nafasi. rm inapokea majina matatu: Picha, ya, Ndege.csv. Kama ipo faili nyingine iitwayo Picha, imekwenda. Dawa ni alama za mtajo: `rm "$f"`. Lakini majina yanayotoka moja kwa moja kwenye kinyota hayakatwi, hata yawe na nafasi. Ndiyo maana, kwa kitanzi cha kupitia faili moja moja, napinga kabisa mazoea ya kuandika `for f in $(ls *.csv)`: matokeo ya ls hukatwa penye nafasi. `for f in *.csv` ni fupi, tena ni salama.

Ritifaa ni mtihani wetu sisi hasa, maana ng' tunayo kila siku. Tuseme unayo pia faili ya Chang'ombe. Andika `rm 'Chang'ombe.csv'`: sheli huona mtajo umefungwa baada ya Chang, na ritifaa ya mwisho imefungua mwingine. Inakaa kimya ikisubiri ufunge. Tumia mtajo wa alama mbili, `"Chang'ombe.csv"`, au kinga ritifaa kwa mkwaju wa nyuma: `Chang\'ombe.csv`.

Na folda ikiwa haina faili yoyote ya .csv? Sheli ya Bash hukiacha kinyota kilivyo, na kitanzi chako kitazunguka mara moja kikishika jina `*.csv` lisilokuwapo. Basi ndani ya kitanzi anza kwa `[ -e "$f" ] || continue`, ili jina lisilokuwapo lirukwe.