Unene wa Wasamoa: Jeni si kisingizio

"Daktari, huu mwili ni wa kwetu. Mama alikuwa hivi, nyanya alikuwa hivi. Sasa mimi nitafanya nini?"

Maneno haya huyasikia mara kwa mara katika kliniki yangu, hasa ninapomwomba mgonjwa apande kwenye mizani. Je, ni kweli kwamba unene hurithiwa? Na kama hurithiwa, kuna haja gani ya kujinyima?

Jibu zuri linatoka mbali, katika visiwa vya Samoa kwenye bahari ya Pasifiki. Samoa ni nchi ndogo yenye watu wapatao 200,000, na ni miongoni mwa nchi zenye watu wanene zaidi duniani. Uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu wanaume wanane katika kila kumi, na wanawake tisa katika kila kumi, walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Pamoja na unene huo, ugonjwa wa kisukari umeenea.

Mwaka 2016, wanasayansi wa Marekani na Samoa walitangaza matokeo ya kuchunguza damu ya Wasamoa 3,072. Walikuta badiliko dogo katika jeni iitwayo CREBRF. Kila mmoja wetu hurithi nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Karibu nusu ya Wasamoa wana angalau nakala moja iliyobadilika. Katika mataifa mengi mengine, badiliko hilo ni nadra sana.

Linafanya nini? Seli za mafuta zilizotiwa jeni hiyo katika maabara zilihifadhi mafuta mengi na kutumia nguvu kidogo. Ni kama mtu anayeweka akiba kila senti anayoipata. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.7, kila nakala huongeza takriban kilo nne. Hakuna jeni nyingine ya kawaida iliyokuwa imejulikana wakati huo kuongeza uzani kiasi hicho.

Kwa nini jeni hii ikaenea huko? Mwaka 1962, mtaalamu wa Marekani James Neel alitoa wazo kwamba zamani, watu ambao miili yao iliweka akiba ndio waliovuka nyakati za njaa, wakazaa na kurithisha. Wahenga wa Wasamoa walivuka bahari kwa mitumbwi yapata miaka 2,800 iliyopita, na wazo hilo huonekana kuwafaa. Lakini wengine husema kwamba huenda jeni ilienea kwa sababu tu waliofika mwanzo walikuwa wachache, na kizazi chote kikatokana nao. Mjadala haujaisha.

Sasa msomaji, hapa pana jambo la kushangaza. Ungetarajia kwamba wenye jeni hiyo, kwa kuwa ni wanene zaidi, wangeugua kisukari zaidi. Sivyo. Walionekana kuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari kuliko wenzao wasio nayo. Kwa hiyo jeni hii haiwezi kulaumiwa kwa kisukari kilichoenea Samoa.

Basi kilicholeta balaa ni nini? Jeni haibadiliki katika kizazi kimoja au viwili. Kilichobadilika ni sahani. Wazee wa Samoa walikula nduma, shelisheli, nazi na samaki, tena walilima na kuvua kwa mikono yao. Baadaye meli zikaleta sukari, mchele mweupe, nyama ya mikebe na mikia ya bata mzinga, ambayo ni mafuta matupu. Serikali ilipiga marufuku mikia hiyo mwaka 2007, lakini ilibidi ikubali kuondoa marufuku ili ijiunge na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012. Wakati huo huo kazi za ofisini na magari zimepunguza jasho.

Sisi Wakenya hatuna sababu ya kusingizia jeni ya Wasamoa. Hata hivyo, kisukari huandama familia fulani, na mwenye mzazi au ndugu anayeugua yuko katika hatari zaidi. Hii si sababu ya kukata tamaa bali ni sababu ya kupimwa mapema. Kiwango cha sukari kikifika milimoli 7 kwa lita kabla ya kula asubuhi, na kipimo cha pili kikithibitisha, huo ni ugonjwa wa kisukari. Usingoje kiu isiyoisha, kukojoa kila mara au macho kufifia, kwani wengi hukaa miaka bila dalili yoyote.

Punguza soda, chai ya sukari nyingi, chipsi na mandazi. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya kwako. Kupunguza hata kilo tano kwa mtu mwenye kilo 90 huleta nafuu kubwa.

Mgonjwa wangu anayesema mwili ni wa kwao hasemi uongo. Lakini kutoka kwa mama na nyanya amerithi mwili tu. Sahani anaipakua mwenyewe.